Breki ya Baiskeli: Waya Uje Mwisho

Breki ikilegea, wengi wetu hukimbilia waya. Fundi wa kijiweni analegeza bolti, anauvuta waya kwa plaizi, anakaza, anapokea hela yake na wewe unaondoka. Kwa siku chache breki inashika. Kisha inalegea tena, unarudi, waya unavutwa tena, hadi raba zinapokwisha na chuma kuanza kukwangua rimu. Muda wote huo waya haukuwa na kosa. Raba ndizo zilizokuwa zikilika, au rimu ilikuwa imepinda, au mkono mmoja wa breki ulikuwa umeganda kwa kutu na mwenzake unafanya kazi ya miwili.

Ushauri wangu mkubwa ni huo, na mengine yote yanaufuata: waya uje mwisho. Anzia kwenye gurudumu, nenda kwenye rimu, kisha raba, kisha mikono ya breki. Hivyo vikikaa sawa, kuvuta waya ni kazi ya dakika chache tu, na utakaa muda mrefu bila kuugusa tena.

Breki ninazozungumzia ni zile zinazobana rimu kwa raba mbili. Huku kwetu utazikuta za aina tatu. Kuna breki za fimbo, zile za Phoenix, Hero na Raleigh za zamani, ambazo hazina waya bali fimbo za chuma kutoka kwenye usukani. Kuna breki za V, zenye mikono miwili mirefu iliyosimama kila upande wa gurudumu. Shimano waliziingiza sokoni mwaka 1996 na leo ziko kwenye baiskeli nyingi za milimani, za mtumba na mpya. Na kuna kalipa, zinazokaa juu ya tairi kwa bolti moja ya katikati, kwenye baiskeli za mbio na za mjini. Nitakaa zaidi kwenye breki za V kwa sababu ndizo zinazosumbua watu wengi.

Usiing'oe breki ya mbele

Ukisimama nusu saa kwenye barabara yoyote yenye baiskeli nyingi utaziona ambazo breki yake ya mbele imeng'olewa, au waya wake unaning'inia. Mwenyewe atakwambia breki ya mbele inapindua mtu. Imani hii imewaumiza watu wengi, na naomba uiache.

Unapofunga breki, uzito wako na wa mzigo unasukumwa mbele. Gurudumu la mbele linaelemewa na kuikamata barabara zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuburuzika. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha, na anayetegemea ya nyuma peke yake anahitaji nafasi ndefu zaidi mbele yake. Nafasi hiyo haipo mtoto anapokatiza barabara. Anayepinduka mara nyingi ameibana ghafla kwa nguvu zote, au breki yenyewe ilikuwa imekaa vibaya, haishiki kabisa kisha inanasa kwa mshtuko. Breki ya mbele iliyopangwa vizuri inaitikia kadiri unavyobana. Zoea kubana zote mbili, ukisogeza makalio nyuma kidogo kwenye siti. Kwenye mchanga, matope au kokoto, na hasa ukiwa kwenye kona, bana ya mbele kwa upole na uiachie ya nyuma sehemu kubwa ya kazi.

Jambo jingine kwa wenye baiskeli za mtumba: kishikio kipi ni cha mbele? Zilizotoka Japani au Uingereza kwa kawaida cha kulia ndicho cha mbele. Zilizotoka Ujerumani au Marekani mara nyingi ni cha kushoto. Kabla hujaipanda mara ya kwanza isukume kwa mkono, bana kishikio kimoja, uone gurudumu lipi linasimama. Kama ni kinyume cha ulivyozoea, hamisha nyaya, kwa sababu wakati wa hatari mkono hautasubiri ufikirie.

Vifaa na mahali pa kufanyia kazi

Huhitaji karakana. Alenki namba 5, spana namba 10, bisibisi ya nyota, plaizi, kipande cha msasa, kitambaa safi, spiriti kidogo ya dukani na grisi vinakutosha kwa karibu kila kitu. Kukata waya ndiko kunakohitaji mkasi mkali wa waya. Plaizi butu huusambaratisha.

Wengi huigeuza baiskeli juu chini, ikasimama kwa siti na usukani. Inafaa, ila vishikio vya breki vinagusa ardhi na huwezi kuvibana vizuri wakati wa kujaribu. Ukiwa na mti au boriti, tundika baiskeli kwa kamba iliyopita chini ya siti, tairi zielee kidogo juu ya ardhi. Utafanya kazi ukiwa umesimama na utaona kila kitu kilivyo kinapotumika.

Gurudumu

Hakikisha ekseli imekaa hadi mwisho kwenye foku na nati zake zimekaza pande zote. Gurudumu lililokaa upande linafanya raba moja iguse na nyingine iwe mbali, nawe utahangaika na springi bure. Kisha shika tairi juu, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi za habu zimelegea, na hakuna breki itakayotulia hapo.

Sasa lizungushe, ukishikilia kalamu karibu na rimu huku mkono umeegemea foku. Nafasi kati ya kalamu na rimu inapaswa kubaki karibu ileile mzunguko mzima. Ikiyumba zaidi ya milimita 2 hivi, rimu imepinda, na hapo ndipo mahali pa kumpelekea fundi hela yako: anyooshe spoki kwanza. Usikubali atanue breki ili rimu iliyopinda ipite. Angalia pia kama kuna mahali ukingo wa rimu umebonyea kwa kugonga shimo. Pale pataifanya breki ishtuke mara moja kila mzunguko.

Rimu

Rimu ni nusu ya breki, lakini watu huisahau kabisa. Kwanza ijue ni ya nini. Weka sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio: ikinasa, rimu ni ya chuma, kwa kawaida yenye kromu, isiponasa, ni alumini. Tofauti yake ni kubwa siku ya mvua. Rimu ya kromu ikilowa hupoteza sehemu kubwa sana ya mshiko wake, na breki iliyokusimamisha vizuri mchana inaweza kukupeleka hadi katikati ya njia panda bila kukukamata. Alumini nayo hupungua, lakini hurudi haraka maji yakishafutika. Kwa zote mbili, mvua ikinyesha bana breki kidogo mapema, raba zifute maji kwanza, ndipo ubane ya kusimamia.

Rimu ya alumini inalika, jambo ambalo wengi hawalijui. Kila unapobana, raba na mchanga vinachukua punje za alumini. Huo ndio weusi unaobaki kidoleni ukiipangusa. Pitisha ncha ya kidole kwenye uso unaobanwa: uso mpya ni bapa, uliolika una bonde. Rimu nyingi za alumini zimechongwa mfereji mwembamba unaozunguka, au zina vishimo vidogo, kuwa alama ya kulika. Ukiona alama hiyo imefutika, rimu imekwisha, hata kama spoki zote ni nzima. Upepo wa tairi unasukuma kuta za rimu kwenda nje wakati wote, na ukuta uliokonda unaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo.

Usafi wa rimu ni maji na sabuni, ikauke, kisha kitambaa chenye spiriti hadi kisitoke tena na weusi mwingi. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu lakini yanaacha utando, kwa hiyo ukiyatumia maliza kwa sabuni na spiriti. Dizeli, oili na vile vipulizo vya kung'arisha dashibodi visifike hapa kabisa. Ukipaka mnyororo oili, weka kitambaa nyuma yake ili matone yasiruke kwenye rimu ya nyuma.

Raba

Hapa ndipo breki inapopona au kufa, kwa hiyo twende taratibu.

Toa raba moja uitazame usoni. Raba nzima ina mifereji. Mifereji ikikaribia kufutika, nunua nyingine. Nyingi zina mstari pembeni wenye maneno ya Kiingereza kuhusu kulika. Ukifika hapo, basi. Usisubiri chuma cha ndani kitokeze, maana safari moja ya chuma juu ya alumini inaharibu rimu kuliko mwaka mzima wa raba. Uso uking'aa na kuwa mgumu, usugue kwa msasa hadi urudi kuwa mweusi usiong'aa. Ukiona vidoti vya fedha vinavyometameta, hivyo ni vipande vya alumini vilivyozama ndani; vichokonoe kimoja kimoja kwa ncha ya kisu au pini, kwa sababu ndivyo vinavyochora mistari kwenye rimu. Raba iliyokaa miaka mingi bila kutumika hukauka na kuwa ngumu ukiibonyeza kwa ukucha. Hiyo haishiki hata kama ina unene wake wote.

Kuna mafundi wanaochonga raba kutoka tairi kuukuu la gari. Naelewa sababu. Lakini matairi mengi ya gari yana nyuzi za chuma ndani, na raba ikilika nyuzi hizo zinakutana na rimu. Kama huna njia nyingine, kagua kila upande wa kipande hicho kabla hakijafungwa, na ukibadilishe mara upatapo raba ya kweli.

Sasa kuipanga. Kwenye breki za V, raba imefungwa kwenye mkono kwa nati ya alenki namba 5, na kila upande wa mkono kuna washa za duara, moja nene na moja nyembamba, zenye uso uliobinuka unaoingia kwenye zenye uso wa kibonde. Washa hizo ndizo zinazoruhusu raba kuelekezwa kila upande. Zikipotea au zikikosewa mpangilio, raba haitakaa sawa hata ufanyeje, kwa hiyo unapoifungua zipange mezani kwa mfuatano ulivyozitoa. Nene na nyembamba zinaweza kubadilishana nafasi: nene ikikaa ndani, mkono unasogea mbali na rimu, nyembamba ikikaa ndani, unakaribia. Lengo ni kwamba raba zikigusa rimu, mikono miwili iwe imesimama karibu wima, sambamba. Mikono iliyopanuka kama herufi yenyewe ya V, au iliyoinamiana, haina nguvu yake.

Bana raba dhidi ya rimu kwa mkono, nati ikiwa imelegea kidogo, uangalie mambo matatu.

La kwanza ni urefu. Ukingo wa juu wa raba uwe chini ya ukingo wa rimu kwa milimita 1 hivi. Ikipanda ikagusa tairi, itatoboa ukuta wa tairi pole pole na utaijua siku litakapopasuka. Ikishuka sana, itapita chini ya rimu na kuingia kwenye spoki. Kwenye breki za V za kawaida hatari ni hii ya pili, na inakua yenyewe: mkono unazungukia kipini kilicho chini, hivyo kadiri raba inavyolika ndivyo inavyoingia ndani zaidi na kushuka. Raba iliyokaa vizuri leo inaweza kuwa imeshuka baada ya miezi mitatu, bila nati kulegea.

La pili, raba ifuate mpindo wa rimu, isiinuke mbele wala nyuma, na uso wake ulale bapa.

La tatu ni pua. Rimu inapopita kati ya raba huenda mbele, na inaivuta raba nayo. Kama raba imelala sambamba kabisa, au mkia wake unagusa kwanza, inatetemeka, na mtetemo huo ndio ule mlio unaofanya watu wageuke barabarani. Pua ya raba, yaani ncha ya mbele, itangulie kugusa kidogo kabla ya mkia. Namna ya kupata nafasi hiyo ni rahisi. Chukua ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini ya simu. Unene wake haufiki milimita 1, na ndio unaotakiwa. Kata kipande chembamba, kiweke kati ya rimu na mkia wa raba, bana kishikio raba ikumbatie rimu na kadi, kisha kaza nati huku ukiishikilia raba kwa vidole ili isizunguke pamoja na alenki. Achia, toa kadi, tazama kwa nyuma: pua inagusa, mkia umebaki na upenyo. Kwa rimu ya chuma ya zamani au breki inayopiga kelele sana unaweza kuongeza kidogo. Usizidishe, kwa sababu raba yenye pua kali hulika upande mmoja na kishikio huwa laini mkononi.

Kuna raba za kuchomeka, zinazoteleza ndani ya kibati cha chuma kilichozibwa upande mmoja na kilicho wazi upande wa pili. Upande uliozibwa lazima uwe ule ambao rimu inakimbilia, yaani mbele. Ukiifunga kinyume, siku utakapobana kwa nguvu rimu itaichomoa raba na kuirusha barabarani. Hakuna onyo litakalotangulia. Kagua hili hata kama baiskeli imetoka dukani jana.

Mikono na springi

Fungua waya, kisha sukuma kila mkono kwa kidole kuelekea kwenye rimu na uuachie. Unapaswa kurudi wenyewe haraka. Ukirudi kwa uvivu, fungua bolti yake, uuchomoe kwenye kipini, sugua kutu kwa msasa laini, paka grisi nyembamba na uurudishe. Futa grisi yote iliyozidi. Kipini mara nyingi kina vitundu vitatu vya kushika ncha ya springi. Tumia kile cha katikati pande zote mbili. Nimeona baiskeli nyingi zenye springi kwenye vitundu tofauti, na mwenyewe akishangaa kwa nini raba moja haitaki kuachia.

Mikono ikilegalega kwenye vipini, ikicheza mbele na nyuma hata bolti ikiwa imekaza, breki itapiga kelele daima. Mikono mipya ya V si ghali ukilinganisha na kazi yake.

Waya

Kagua sehemu mbili ambako waya hukatika: pale kichwa chake kinapoingia kwenye kishikio, na pale unapobanwa na bolti. Bana kishikio hadi mwisho, uchungulie ndani. Uzi mmoja ukiwa umekatika, waya wote umeshaanza kufa; ubadilishe leo. Unaponunua, angalia kichwa: baiskeli za usukani ulionyooka hutumia kichwa cha pipa, za mbio hutumia kichwa kidogo chenye umbo la peasi. Waya wa breki ni mnene kuliko wa gia, karibu milimita 1.5 au 1.6. Usifunge waya wa gia kwenye breki, wala kava la gia. Kava la breki lina chuma kilichozungushwa kwa ndani. La gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, nazo zinaweza kuachana na kupasua kava ukibana kwa nguvu zote.

Kava lenye kona kali au lililopasuka linakula nguvu ya mkono wako kabla haijafika kwenye rimu. Likate kwa urefu unaoruhusu usukani kugeuka hadi mwisho pande zote bila kuvutwa na bila kufanya kitanzi kikubwa. Ukishakata, utaona mdomo umebonyea na mrija wa plastiki wa ndani umeziba. Piga faili mdomo uwe bapa, kisha fungua mrija kwa spoki kuukuu uliyoichonga ncha, ukiizungusha ndani hadi tundu liwe duara tena. Kazi hii ndogo ndiyo inayotofautisha breki laini na ngumu, na mafundi wengi huiruka. Vika kofia ya chuma kila mwisho wa kava.

Ndipo sasa uufunge waya. Ile ajasta iliyo kwenye kishikio, skrubu tupu ndani yenye tundu la kupitishia waya, iingize yote, kisha irudishe nje mizunguko miwili. Pitisha waya kwenye kibomba kilichopinda cha breki ya V, shikilia mikono kwa vidole ili kila raba iwe milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu, vuta waya ukaze kiasi, kaza bolti. Bana kishikio kwa nguvu zako zote mara kadhaa. Waya mpya na kava jipya vitajikalia na kulegea kidogo, na kama bolti haijakaza ni heri uteleze hapa kuliko kwenye mteremko. Vuta tena, kaza tena.

Raba moja ikiwa karibu kuliko mwenzake, tafuta skrubu ndogo chini ya kila mkono. Kuikaza kunaongeza nguvu ya springi ya upande huo na kuisogeza raba mbali na rimu. Zungusha robo, bana kishikio, tazama, zungusha tena. Mwisho, kata waya ubaki sentimita 4 au 5 na uvike kifuniko kwenye ncha; ukikosa, tone la supaglu litazuia nyuzi zisifumuke.

Kuanzia hapo, raba zikilika kidogo utaongeza kwa ajasta tu, kwa vidole, bila spana. Ajasta ikifika nje nusu ya urefu wake, irudishe ndani na uanze kukagua raba upya.

Ukibadilisha kishikio, hakikisha ni cha breki za V. Kishikio cha kalipa huvuta waya mfupi zaidi, karibu nusu, na ukikifunga kwenye V kitafika kwenye usukani kabla breki haijashika.

Breki za fimbo na kalipa

Kwenye Phoenix na ndugu zake, raba hazibani pembeni mwa rimu; zinavutwa juu na kugusa uso wa ndani, ule ulio upande wa spoki. Huo ndio unaosafishwa, na huko ndiko matope hujificha. Fimbo zimeungana kwa viungio vyenye nati ndogo. Ili kukaribisha raba, legeza nati ya kiungio, inua chuma cha raba kwa mkono hadi nafasi ibaki milimita 3 hivi, kisha kaza. Raba zote mbili ziguse pamoja. Zisipogusa pamoja, angalia kama chuma chenyewe kimepinda, na kama vile vishikizi vidogo kwenye foku vinavyokiongoza vimekaza. Tone la oili kwenye kila kiungio kila mwezi linatosha, na lisifike kwenye rimu.

Breki hizi hazina nguvu ya V, na rimu zake karibu zote ni za chuma. Mwenye Phoenix anayepita mjini siku ya mvua aanze kubana mapema sana.

Kalipa nayo hufuata sheria zilezile za raba. Ikivutika upande mmoja, legeza bolti ya nyuma ya foku, ishike yote kwa mkono, ielekeze katikati na ukaze huku umeishikilia.

Kuijaribu

Simama kando ya baiskeli. Bana ya mbele na uisukume mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma na usukume: gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Kishikio kikibanwa kwa nguvu zote kiache nafasi ya vidole viwili kati yake na usukani. Kikigusa usukani, usipande. Kisha zunguka mahali tambarare pasipo na magari, ukianza mwendo mdogo. Raba mpya zinahitaji kubanwa mara kadhaa kabla hazijashika kikamilifu.

Kwa anayetumia baiskeli kila siku, ukaguzi wa raba na rimu mara moja kwa wiki unatosha wakati wa kiangazi. Masika, ufanye kila baada ya siku ya matope, kwa sababu mchanga uliolowa hula raba na rimu kwa kasi ya kutisha.

Mzigo na miteremko

Yote haya yanazidi kuwa na uzito kwa anayebeba gunia la mkaa, madumu ya maji au mikungu ya ndizi, kama wale waendesha baiskeli wa Burundi wanaoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Uzito ukiwa mara mbili, unahitaji umbali mara mbili kusimama kwa nguvu ileile ya breki. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali unakuwa mara nne. Kwa hiyo kwenye mteremko kama ule wa Lushoto kwenda Mombo, au Iten kwenda bonde la Kerio, dawa ni kutoruhusu mwendo kuongezeka tangu juu. Bana na uachie, bana na uachie, ukipokezana mbele na nyuma. Punguza kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake.

Kubana mfululizo huichemsha rimu. Raba hulainika na kupoteza mshiko, upepo ndani ya tyubu hutanuka, na solusheni iliyoshika viraka huanza kuachia. Ukisikia harufu ya raba kuungua, au kishikio kikianza kwenda mbali zaidi kuliko kilivyokwenda juu ya mlima, simama kando ya barabara hadi rimu ipoe. Usiimwagie maji ili uwahi, na usiiguse kwa kidole kupima. Na kama raba zilikuwa nyembamba tangu asubuhi na mzigo ni mzito, shuka uisukume hadi chini, ukiishikilia kwa breki zote mbili.